Kilichokuwa Ndani ya Tairi la Melkiori

Uvumi ulishuka na abiria wa basi, ukakaa kwenye meza ya chai ya Yunisi pale Mkiwa, na basi lilipoondoka wenyewe ukabaki.

Aliyeuleta alikuwa mama mmoja mwenye vitenge viwili, anasubiri gari la kwenda Itigi. Aliona pikipiki imeegeshwa kando ya banda, akauliza ya nani. Yunisi akamwambia ni ya mumewe, anabeba abiria. Yule mama akasogeza kiti.

"Mwambie asitie dawa ya tairi. Ile ya kuzuia pancha. Kuna kijana huko kwetu alitia. Tairi kwa nje zima, linang'aa, kumbe dawa inatafuna mpira kwa ndani kama mchwa. Likapasuka kwenye lami, amepakia mama na mtoto wa shule."

"Wakapona?"

Yule mama akatikisa kichwa, akaendelea kumenya yai lake.

"Huyo kijana anaitwa nani?"

"Jina silijui. Nimesimuliwa na mtu aliyesimuliwa na aliyeokota kiatu cha yule mtoto."

Ni hicho kiatu kilichomwingia Yunisi. Angeambiwa habari za damu angezisahau kabla ya jioni, maana kando ya barabara kuu watu husimuliana damu kila siku. Lakini kiatu alikiona kabisa, cheusi, kimelika kisigino, kama cha Eliana wake. Eliana alikuwa darasa la pili. Kila asubuhi baba yake alimpakia mbele yake, juu ya tangi la mafuta, wakavuka barabara ya malori, wakashika njia ya shule.

Na Yunisi alikuwa ameshaona kwamba siku hizi mumewe hapati pancha.

*

"Baba Eliana, kwenye tairi umetia nini?"

Melkiori alikuwa ananawa kwa ajili ya kula. "Nani kakwambia nimetia kitu?"

"Zamani kila siku uko kwa Mansuri unazibiwa pancha. Sasa wiki hizi humsogelei hata kumsalimia."

Melkiori akacheka. Akatoka, akarudi na chupa aliyokuwa ameificha chini ya siti. Ilikuwa chupa ya plastiki yenye picha ya tairi na maandishi ya kigeni. Akaiinamisha kidogo ili mkewe aone. Ndani kulikuwa na kitu kizito, cha kijani.

"Kama mlenda, sio? Unaingiza kwenye valvu, basi. Mwiba ukichoma, hii inakimbilia tundu inaziba palepale. Jana nimekanyaga miiba ya mgunga, mirefu kama sindano ya suruali ya jinzi. Nikapita. Festo wa bodaboda kanionyesha, wote pale stendi wanatia."

Yunisi akamweleza habari ya kijana wa Itigi. Alipofika kwenye kiatu akamwonyesha kile cha Eliana. Melkiori akaacha kucheka, lakini akacheka tena.

"Hiyo imetungwa na Mansuri. Fikiria mwenyewe. Watu wasipopata pancha nani analala njaa? Fundi pancha. Basi katafuta mama wa kupita akasema hayo kwenye meza yako, maana anajua wewe ndiye redio ya Mkiwa."

Yunisi hakuwa amelifikiria hilo. Usiku huo alianza kumshuku na Mansuri vilevile, bila kuacha kuishuku ile chupa.

*

Mansuri alikuwa mtu wa Singida mjini, kwao ni wafanyabiashara, ila yeye alichagua pampu ya upepo na karai la maji kuliko duka la baba yake. Kijiwe chake kilikuwa njia panda, mabati manne juu ya miti, matairi makuukuu yamening'inizwa ili madereva wa mbali waone. Yunisi alimfikia kama mtu anayepita tu.

"Za asubuhi, shemeji."

"Salama, shemeji. Leo chai imenifuata?"

"Sina chai. Nina swali. Ile dawa ya tairi inaua?"

Mansuri alikuwa ametumbukiza tyubu kwenye karai, anatafuta mapovu. Hakuinua kichwa. "Nikisema mbaya, mtasema Mansuri analinda ugali wake. Nikisema nzuri, nafunga kijiwe mwenyewe. Unataka niseme lipi?"

"Kweli."

"Mimi sijaiona ikila mpira. Ila mwiba haiutoi. Mwiba unabaki mlemle, wa pili unakuja, wa kumi unakuja, tairi limeshakuwa upara na mwenyewe anajiona ana tairi jipya. Siku likimshinda ni yeye na lami. Halafu kiraka changu hakishiki kwenye tyubu iliyolowa kitu hicho. Na mtu akinyamaza, mimi nikifungua valvu, upepo unanirushia yote usoni. Kwa hiyo mimi siwakatazi. Naomba mniambie tu. Mtu aniambie, nigeuze uso."

Yunisi akashukuru akaenda zake. Hakumwamini Mansuri kwa sababu alikuwa na faida, wala hakumwamini mumewe kwa sababu alikuwa na furaha. Kesho yake Eliana alikwenda shule kwa miguu, ameshikwa mkono na mama yake, na chupa ya kijani ilimwagwa chooni.

Melkiori alivumilia mambo mawili hayo siku chache. Alichoshindwa kuvumilia ni mwanaye kukataa kupanda hata kwa mchezo. "Mama kasema tairi litapasuka," Eliana alimwambia, amejificha nyuma ya mlango. Basi akaisukuma pikipiki hadi kijiweni, akamwambia Mansuri atoe tyubu zile zenye dawa, atie mpya.

Festo alikuwepo, na wenzake wa bodaboda.

"Melkiori, leseni anayo mama Eliana au bado iko kwako?"

"Kesho atamwambia avae helmeti akienda kuoga!"

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo. Mansuri hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye kazi yake, na Melkiori akahesabu kwamba huko alikoinama ndiko anakochekea.

*

Miiba haikuchelewa kurudi. Nje ya lami njia zote za huko zinapita kwenye vichaka, na wafugaji wanapotengeneza maboma wanaburuta matawi ya miiba njiani. Melkiori alirudi kwenye maisha yake ya kusukuma.

Siku moja alimpakia Evodia, mwanamke anayenunua kuku vijijini na kuwapeleka kwenye mabasi. Tenga la kuku limefungwa nyuma, Evodia yuko katikati, jua limekaa utosini. Tairi la nyuma likaisha upepo mahali hapana mti wala nyumba. Wakatembea. Kuku wakaanza kutweta, wengine wakalaza shingo. Ndipo Festo akatokea nyuma yao, anapita juu ya miiba ileile kama mtu anayepita sebuleni kwake.

"Dada Evodia, panda. Huyo mwache na mkokoteni wake."

Evodia alihamia kwa Festo, tenga likafunguliwa likafungwa upya. Kabla hajaondoka alimtazama Melkiori kwa huruma, na hiyo huruma ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Kaka yangu, siku hizi unabeba watu au unabeba pikipiki?"

Kuku watatu walikuwa wamekufa. Jioni Evodia alifika nyumbani kwao kuwadai. Yunisi aliingia kwenye banda lake la kuku, akakamata mitetea yake watatu, mmoja alikuwa anaatamia, akamkabidhi. Mayai yalibaki kwenye kiota yanapoa. Melkiori alisimama mlangoni anaangalia. Kama mkewe angemgombeza ingekuwa afadhali.

Asubuhi yake, Yunisi akiwa amekwenda bombani, Melkiori alikuwa amesimama kwenye ua. Ua wao, kama nyua nyingi za huko, ulikuwa wa manyara, ile mimea ya vijiti vya kijani isiyo na majani, ambayo ukiikwangua hata kwa ukucha inatoa maziwa meupe. Alikumbuka bibi yake alivyokuwa akiziba ufa wa kibuyu kwa maziwa hayo. Yakikauka yanavutika kama mpira. Na mpira si ndio tairi?

Mkewe alikuwa amemwapisha asirudie dawa ya dukani. Hii haikuwa ya dukani. Ilikuwa inaota nyumbani kwake, bure, na Festo asingeijua.

Aliokota ile chupa ya kijani jalalani akaiosha. Akakata matawi, akakinga maziwa yanayodondoka, akachanganya na maji na unga wa mbao kutoka kwa seremala ili yapate kitu cha kuzibia. Akayavuta kwa bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe, akayasukumia kwenye valvu, tairi la mbele na la nyuma. Vidole vilimwasha. Alijua, kama kila mtoto wa huko anavyojua, kwamba maziwa ya manyara hayasogezwi karibu na macho. Mbuzi wamepofuka kwa hayo. Lakini akafikiri: yatakuwa ndani ya tairi. Nani ataweka jicho lake ndani ya tairi?

*

Ilifanya kazi. Hilo lazima lisemwe. Kwa muda Melkiori alipita kwenye miiba akipiga mluzi, na abiria wakaanza kumrudia.

Yunisi aliusikia ule mluzi na hakuupenda.

"Mikono yako imefanya nini?"

"Grisi."

"Grisi inamenya ngozi?"

"Mama Eliana, ungezaliwa mwanaume ungekuwa polisi. Ungetufunga wote."

"Na huku nyuma ya banda ua wetu nani anaukata? Matawi yamelala chini kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu."

"Mbuzi wa majirani."

"Mbuzi hali manyara."

"Basi uliza wachawi," Melkiori alisema, akavaa koti lake.

Neno hilo lilimkaa Yunisi. Akaanza kuwaangalia majirani. Mama mmoja aliyepita karibu na ua kufuata kuni alinyimwa salamu siku nzima bila kujua kosa lake. Yunisi alichungulia chini ya siti ya pikipiki, hakukuta chupa. Akanusa tairi, likanuka tairi. Mwisho Melkiori alimbeba Eliana mikononi, akaapa mbele yake: "Haki ya Mungu, humu hamna dawa ya dukani." Mtoto akapiga makofi, akapanda. Yunisi akasimama kando ya barabara mpaka wakapotea, halafu akaenda kuwasha moto wa chai.

*

Asubuhi ya tukio tairi la nyuma lilikuwa linapungua upepo polepole. Haikuwa pancha. Ilikuwa kile kisindano cha ndani ya valvu, kimechoka. Ni kazi ndogo, lakini huwezi kuifanya bila kisindano kipya, na vipya viko kwa fundi.

Mansuri alichuchumaa. "Humu hamna dawa?"

Festo alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, anakula muwa. Melkiori alimtazama Festo kabla ya kujibu. Angesema ipo, wangeuliza ipi. Angesema ipi, ingefika stendi kabla yake, na kutoka stendi ingefika kwenye meza ya chai.

"Si unamjua mke wangu? Dawa nitoe wapi?"

Walicheka, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile walicheka pamoja naye. Mansuri alikuwa bado anacheka alipoinama na kukifungua kile kisindano.

Upepo ulitoka na kitu cheupe. Kilimpiga kwenye shavu, kwenye shati, na kwenye jicho la kulia.

"Umenidanganya wewe!" Aliruka, akatumbukiza uso kwenye karai lake, maji yaleyale meusi ya kutafutia mapovu, akajisugua kwa kiganja.

"Pole ndugu yangu, pole sana. Itakuwa ile ya zamani imebaki kidogo."

"Tyubu si nilibadilisha mwenyewe?"

"Labda kwenye rimu. Pole."

Maziwa ya manyara hayana haraka. Mwanzoni yanawasha tu, kama moshi. Mansuri alitukana kidogo, akafumba jicho moja, akamaliza kazi kwa lile lingine, hata akajaza upepo. Melkiori alisimama pale na neno mdomoni. Lilikuwa neno moja tu, manyara, na kila mtu pale angejua la kufanya. Festo akatema makapi ya muwa akauliza, "Sasa dawa nyeupe ni ya wapi, mzee? Kampuni mpya?" Wakacheka tena.

Melkiori akawasha pikipiki. Alipata abiria wa mbali akamshukuru Mungu, maana alitaka kuwa mbali.

*

Mchana Zabibu, mke wa Mansuri, alifika kwenye meza ya chai, mtoto mchanga mgongoni, shati la mumewe mkononi. Hakusalimia.

"Mama Eliana, mumeo kamtia nini mume wangu?"

Wateja waliacha kutafuna. Yunisi akaweka birika chini.

"Kapatwa na nini?"

"Jicho limefumba kama limeshonwa. Anajigonga kichwa ukutani. Wameniambia nimkamulie maziwa ya ziwa, nimemkamulia mara mbili, ndiyo kwanza anapiga kelele."

"Fundi kanyonyeshwa," mteja mmoja alisema, "ataota meno." Mwenzake akampiga kiwiko.

"Anasema ni dawa ya tairi ya mumeo," Zabibu aliendelea.

"Mume wangu hana dawa. Niliimwaga kwa mkono wangu huu, chooni. Na ilikuwa ya kijani."

"Basi hii ni nini?" Zabibu akalirusha shati juu ya meza, katikati ya maandazi.

Madoa yalikuwa yamekauka, meupe katikati, pembeni kahawia. Yunisi alishika doa moja kwa kucha akalivuta. Likavutika, likaachia, likarudi. Akanusa. Harufu ile aliijua toka utotoni, harufu ya kuchapwa kwa sababu ya kuchezea ua.

Hapo hapo aliyaona yote kwa pamoja: matawi yaliyolala chini, vidole vilivyomenyeka, mluzi. Na aliona pia kitakachofuata. Ndugu wa Mansuri watakuja kutoka mjini na gari. Kutakuwa na polisi. Pikipiki itachukuliwa, na watu watasema mke wa Melkiori ndiye aliyemsaliti mumewe. Ilikuwa rahisi kabisa kusema sijui. Zabibu mwenyewe hakuwa amelitambua lile doa, yeye amekulia mjini kwenye uzio wa tofali.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Wamempeleka zahanati. Na mumeo karudi safari, yuko naye. Kaja na chupa."

"Chupa gani?"

"Ya hiyo dawa."

Yunisi alimwambia mteja mmoja amwangalizie moto. Alipita kwanza nyumbani. Kwenye boriti ya banda la ndama alilikuta bomba la sindano la kuchanjia, limeziba kwa gundi nyeupe mpaka mdomoni. Akalifunga kwenye upande wa khanga, akaanza kukimbia.

*

Mansuri alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshikwa mabega na Festo. Melkiori amesimama kando, uso wa jirani mwema. Nesi Febronia alikuwa ameshika ile chupa, anaisoma kwa taabu.

"Hapa wanasema osha kwa maji. Ameoshwa?"

"Alijiosha palepale," Melkiori alisema haraka.

"Basi hii dawa sio kali sana. Nitampa ya kupaka, akapumzike. Kesho asubuhi arudi nimwone."

Melkiori alishusha pumzi. Moyoni alikuwa anajiambia kwamba kesho itakuwa imepoa, kwamba bibi yake alikuwa anaishika manyara kila siku na hakufa, kwamba nesi amesoma na amesema si kali.

"Shikamoo nesi," Yunisi alisema mlangoni, anahema.

"Marahaba. Subiri nje mama, nina mgonjwa."

"Nesi, sio hiyo. Ya kwenye chupa hiyo nilimwaga mimi. Ilikuwa ya kijani. Angalia chini ya chupa, kilichobaki cheupe."

Nesi akainamisha chupa. Melkiori akasogea mbele. "Nesi, huyu mwanamke tangu aambiwe habari za Itigi hana akili timamu kwa mambo ya tairi. Msamehe tu."

"Baba Eliana, sema."

"Niseme nini?"

"Sema mwenyewe, nikisema mimi itakuwa vibaya."

"Nenda kauze chai!"

Yunisi akafungua khanga, akaliweka bomba la sindano juu ya meza ya nesi. Akamgeukia Mansuri, si mumewe. "Shemeji, ni manyara. Kakinga maziwa ya manyara katia kwenye tairi. Nisamehe."

Festo aliachia yale mabega. Mansuri aligusa jicho lake, kama mtu aliyeambiwa jina la mnyama aliyemng'ata.

"Tangu saa ngapi?" Nesi alikuwa ameshasimama.

"Asubuhi," Festo alijibu.

"Asubuhi! Na wewe ulijua?"

Melkiori alitazama vidole vyake.

"Ulijua ukaniletea chupa nisome?" Nesi hakungoja jibu. Alivuta chupa za maji ya dripu, akamlaza Mansuri, akaanza kumwagilia jicho. Lilikuwa limevimba, kulifungua ilibidi kulipenua. "Wewe uliyetia, shika kichwa. Usiangalie pembeni. Shika." Melkiori alikishika kichwa cha Mansuri kwa mikono miwili huku maji yakipita, na kila Mansuri alipopiga kelele alizipokea usoni. Waliosha muda mrefu sana. Halafu nesi akaagiza basi la kwanza lisimamishwe, Mansuri apelekwe hospitali ya mkoa, kwa daktari wa macho, leo hii.

Nje, watu walikuwa wamejaa. Melkiori alimfuata mkewe hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Na ulivyonyamaza ulikuwa umevaa nini?"

*

Daktari wa macho alisema maji mengi safi dakika ile ile yangesaidia zaidi, na kwamba kupelekwa siku ileile ndiko kulikozuia jicho lisife kabisa. Halikufa. Limebaki na ukungu mweupe katikati. Mansuri anasema akifumba jicho zima, dunia inakuwa kama inaonekana kupitia mfuko wa nailoni. Mbuzi wa Melkiori waliuzwa kwa matibabu. Zabibu hanywi tena chai kwa Yunisi, na akipita na mwanaye anapita upande wa pili wa barabara. Mtu atasema Yunisi alimsaidia. Zabibu haoni hivyo, anaona ua uliomwaga yale maziwa, na ua ni wa nyumba nzima.

Walipokaa kwa mwenyekiti wa kitongoji, ndugu wa Mansuri walitaka polisi. Mansuri akaulizwa yeye anataka nini. Alikuwa bado amefungwa bandeji.

"Aje kijiweni," alisema. "Kila asubuhi, mpaka nizoee jicho moja. Valvu afungue yeye. Na kila mwenye pikipiki atakayekuja, kabla mimi sijainama, amweleze alichonifanyia. Kwa mdomo wake."

"Hiyo tu?" kaka yake aliuliza kwa hasira.

"Wewe unaiona ndogo."

Haikuwa ndogo. Siku ya kwanza wa kwanza kufika alikuwa Festo, na Yunisi aliona yote kutoka kwenye meza yake, maana kijiwe na meza vinatazamana. Melkiori alisimama. Lori likaja, akangoja lipite, halafu lingine. Mansuri alikuwa amechuchumaa karibu na tairi la Festo, mgongo kwao, hainami.

"Festo," Melkiori alisema mwishoni, "mimi nilitia manyara kwenye tairi. Fundi aliniuliza, nikamwambia hamna. Nilijua, nikaondoka. Kwenye lako kuna nini?"

Wenzao walikuwepo. Wote walingoja mzaha wa Festo. Festo alikuna shingo.

"Ipo dawa," alisema. "Ya kijani. Na miiba sijaiangalia tangu niitie."

"Kaa huku, geuza uso," Melkiori alimwambia Mansuri, akachuchumaa yeye.

Walipolifungua tairi lile wakalipitishia kitambaa kwa ndani, kitambaa kilichanika. Miiba ilikuwa imejaa.

Sasa, kwa wenye pikipiki, bajaji na magari, na hasa kwa sisi akina mama ambao watoto wetu wanapakiwa kwenye vyombo hivyo, haya ndiyo ya kuepuka:

Usitie kwenye tairi kitu cha kupika nyumbani. Manyara, uji wa muhogo, gundi ya seremala, chochote.

Usiikatae ya dukani kwa uvumi, halafu ukaikubali nyingine kwa sababu tu inaota uani kwako.

Usinunue dawa ya tairi iliyofunguliwa au iliyojazwa kwenye chupa ya kuokota.

Ukitia ya dukani, usiache kukagua tairi. Dawa inaziba tundu, mwiba haiutoi. Tairi lenye upara ni la kubadilisha, halina dawa.

Usimfiche fundi. Mwambie kabla hajagusa valvu, hata kama wapo wa kukucheka.

Usioshe jicho kwa maji ya karai la pancha. Usilikamulie maziwa ya ziwa. Maji safi, mengi, muda mrefu, halafu zahanati wakati huohuo, hata kama haliumi bado.

Usitupe matawi ya manyara yaliyokatwa mahali watoto wanachezea.

Usimpelekee nesi chupa ya uongo.

Usinyamaze kwa sababu ni mume wako.